Mali Bila Daftari: Uangalizi wa Mambo ya Kale Wakati wa Ujenzi Mdogo Mdogo, Tabora na Njia ya Misafara

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa serikali, masheha na wananchi



Mazungumzo haya yanahusu shimo. Shimo linalokusudiwa si la mgodi wala si handaki la reli, bali ni shimo la choo, msingi wa chumba na ukumbi, kisima cha uani, mtaro wa bomba la maji, na mahali panapochimbwa udongo wa kufyatulia matofali. Mashimo ya namna hiyo huchimbwa kila kiangazi katika miji na vijiji vyetu, na kwa kawaida huchimbwa na kufukiwa bila ya mtu yeyote kuandika kilichoonekana ndani yake. Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini shimo kama hilo, likichimbwa Tabora, linamhusu pia mkaazi wa Unguja na Pemba, na ni hatua zipi zinazofaa kuchukuliwa ili habari iliyomo ardhini isipotee.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara iliyovitajirisha visiwa hivi katika karne ya kumi na tisa ilikuwa na daftari zake. Forodha ya Unguja ilikuwa na hesabu zake, na wafanyabiashara walikuwa na hati zao za mikopo. Lakini sehemu kubwa ya biashara hiyo ilifanyika bara, mikononi mwa watu ambao hawakushika kalamu. Daftari ya watu hao ni udongo, na kurasa zake zinachimbwa hivi leo kwa jembe na sururu.

NJIA NA BIDHAA ZAKE

Njia kuu ya misafara ilianzia mwambao wa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo. Kutoka hapo iliendelea hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 1,200. Richard Burton na John Speke, walioondoka Unguja mwezi wa Juni 1857, waliwasili Kaze, jina la wakati huo la sehemu ya mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba ya mwaka huo huo. Waliwakuta huko wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili ambao tayari walikuwa wameshajenga, wameshalima na wameshaoa.

Tabora ilikuwa njia panda. Msafara uliofika hapo uliweza kwenda magharibi hadi Ujiji na Manyema, kaskazini hadi Karagwe na Buganda, au kusini-magharibi kuelekea Ufipa na nchi za mbele yake. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja na akafariki Unguja mwaka 1905. Hata hivyo baba yake alikuwa na makaazi yake Ituru, karibu na Tabora, na alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hata leo Manispaa ya Tabora ina kata ziitwazo Ng'ambo na Kidongo Chekundu, majina ambayo hayahitaji kuelezwa kwa mkaazi yeyote wa mji wa Zanzibar.

Inafaa ieleweke kwamba njia hiyo haikufunguliwa na watu wa pwani peke yao. Wanyamwezi walitangulia kushuka pwani na pembe za ndovu kabla ya misafara ya pwani kupanda bara, na ndio waliokuwa wapagazi wakuu wa njia nzima. Wengi wao walikuwa watu huru waliochukua mizigo kwa ujira, na wanawake wengi walifuatana nao. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliokamatwa na kufanywa watumwa. Biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku, na masoko yao yakafungwa, kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873.

Bidhaa zilizopanda bara zilikuwa merikani, iliyoletwa na majahazi ya Kimarekani, khasa kutoka bandari ya Salem. Kaniki kutoka Bara Hindi. Shanga, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Masango ya shaba. Bunduki na baruti. Nguo huoza na baruti huungua. Kinachobakia ardhini ni shanga, vipande vya waya wa shaba, vigae vya vyungu na vya sahani za Ulaya, vibuyu vya kiko vya udongo, mawe ya bunduki za gumegume, mifupa ya wanyama walioliwa, majivu ya meko na mashimo ya nguzo. Kila kimoja cha vitu hivyo, kikiokotwa peke yake, kina thamani ndogo sana sokoni. Kikiachwa mahali pake na kuandikwa, ni ushahidi.

MJI WA UDONGO

Kilwa, Gedi na Ras Mkumbuu zilijengwa kwa mawe na chokaa, na magofu yake yanajieleza yenyewe. Tabora ya misafara ilijengwa kwa udongo. Nyumba yake ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa tambarare la miti lililofunikwa kwa udongo, ua wa ndani, na baraza mbele kwa ajili ya wageni na mazungumzo. Nyumba ya namna hiyo hudumu maadamu inakaliwa na kukandikwa. Ikiachwa, paa huanguka, mvua huziyeyusha kuta, na baada ya miaka michache hapabaki ila kijituta ambacho mpita njia hudhani ni ardhi ya kawaida.

Tembe mashuhuri zaidi liko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora. Ndipo walipofikia Henry Morton Stanley na David Livingstone mwezi wa Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi wa Machi, na Livingstone akabakia hadi Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Jengo hilo limehifadhiwa kama makumbusho. Lakini hilo ni jengo moja tu. Matembe mengine ya wafanyabiashara, nyumba za wake zao na watumishi wao, kambi za wapagazi, maghala na makaburi, yote yako chini ya mji unaoishi. Juu yake pana nyumba za watu, misikiti, makanisa, skuli, mashamba na barabara.

Mfano mmoja utasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi wa Agosti 1871, wakati wa vita baina ya wafanyabiashara wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo wa Urambo, watu wa Mirambo waliuingia mji wa Tabora na kuchoma sehemu yake. Tukio hilo linajulikana kwa maandishi ya Stanley, aliyeuona moshi kutoka Kwihara. Moto wa namna hiyo huacha alama ardhini: udongo wa kuta ulioiva na kuwa mwekundu kama tofali, makaa ya boriti, na vyombo vilivyovunjika pale pale vilipokuwa. Tuchukulie kwamba fundi anayechimba choo anakuta tabaka la majivu na udongo ulioiva. Huenda ni meko ya kawaida. Huenda ni moto wa mwaka 1871. Shimo moja haliwezi kujibu. Lakini ikiwa mashimo ishirini katika mitaa mbali mbali yamepimwa na kuandikwa, na sita kati ya hayo yana tabaka hilo hilo kwa kina kinachofanana, mtaalamu ataweza kuuchora mpaka wa mji ulioungua. Hakuna serikali itakayoubomoa mji mzima ili kuuchunguza. Lakini wakaazi wenyewe huuchimba kidogo kidogo kila mwaka kwa mahitaji yao. Linalokosekana ni mtu wa kutazama na kuandika.

UANGALIZI NI NINI

Uangalizi wa mambo ya kale wakati wa ujenzi maana yake ni kuwepo kwa mtu mwenye ujuzi, na mwenye mamlaka ya kuomba kazi isimame kwa muda, pale ardhi inapofunuliwa. Haumaanishi kuzuia ujenzi, wala kugeuza kila kiwanja kuwa uwanja wa utafiti. Mjenzi anaendelea na kazi yake. Mwangalizi anatazama kuta za shimo, anasoma matabaka, anaandika.

Neno tabaka linahitaji maelezo. Ardhi iliyokaliwa na watu hujipanga kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwengine. Wa juu ni wa jana. Wa chini ni wa zamani zaidi, isipokuwa pale ambapo mtu wa baadaye alichimba akauchanganya mpangilio huo. Ushanga mmoja mwekundu ukiwa kiganjani ni pambo tu. Ushanga huo huo ukionekana sentimita tisini chini ya ardhi, ndani ya sakafu iliyogandamizwa, pamoja na kigae cha sahani ya Ulaya na mfupa wa ng'ombe wenye alama ya kisu, unasema ni lini watu walikaa hapo, walikula nini, na walinunua nini kwa ujira wao. Ukishatolewa bila ya kuandikwa, habari hiyo haipatikani tena kwa gharama yoyote.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Vitabu vya karne ya kumi na tisa kuhusu njia hii viliandikwa na wasafiri wa Ulaya, au vilihadithiwa na wafanyabiashara wakubwa. Vinaeleza mengi kuhusu mwenye mzigo na machache kuhusu aliyeuchukua. Mpagazi wa Kinyamwezi, mwanamke aliyefuata msafara akiwa na chungu kichwani, na mtoto aliyetolewa Manyema asirudi tena, hawakuacha barua. Kama kuna mahali maisha yao yanaweza kusomeka, ni katika majivu ya kambi zao na takataka za uani mwa matembe. Hayo ndiyo mambo ambayo shimo la choo huyapitia bila ya kusita.

SHERIA INASEMAJE

Mambo ya kale si jambo la Muungano. Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inakataza kuchimba ili kutafuta vitu vya kale bila ya kibali. Aidha, inamtaka mtu aliyekuta kitu cha kale bila ya kukusudia atoe taarifa bila ya kuchelewa na achukue hatua za kukilinda. Milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 nayo imewekewa ulinzi maalumu. Mwaka 2008 ilitolewa Sera ya Malikale, inayoutambua urithi huu kuwa ni dhamana ya taifa zima.

Hata hivyo sheria hiyo ina mstari mmoja ambao kwa Tabora ni wa hatari. Kitu au jengo huhesabiwa kuwa la kale, kwa tarehe pekee, likiwa limetengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mstari huo ulipowekwa ulikuwa miaka mia moja hivi nyuma. Tangu hapo miaka imekwenda, mstari umebakia pale pale. Sasa msikilizaji na alinganishe. Burton alifika Kaze mwaka 1857. Yumo ndani ya mstari. Moto wa Mirambo ni wa 1871, uko nje. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, yuko nje. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliangamia katika boma lake mwezi wa Januari 1893 akipigana na Wajerumani. Yuko nje kwa miaka thelathini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya Tabora ya misafara hailindwi na tarehe. Hulindwa tu pale ambapo Waziri ametumia uwezo wake wa kutangaza mahali fulani au kitu fulani kuwa cha kuhifadhiwa. Na hakuna awezaye kutangaza asichokijua. Ili pajulikane, lazima kwanza paonekane na pawe pameandikwa.

Miradi mikubwa ina njia yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na urithi wa utamaduni ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa. Ndivyo ilivyo kwa reli na barabara kuu. Lakini mwenye kujenga chumba cha uani hafanyiwi tathmini, wala haifai kumtwika mzigo huo. Matokeo yake ni kwamba mashimo makubwa machache yana mtazamaji, na mashimo madogo mengi hayana.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha UNESCO njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikivitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka uliofuata, 2007, wataalamu Stephanie Wynne-Jones na Sarah Croucher walichapisha taarifa ya awali ya ukaguzi wao wa kiakiolojia katika njia hiyo. Croucher huyo huyo alifanya kazi kubwa katika mashamba ya mikarafuu ya Zanzibar, ikiwemo kuchimba Mgoli, Pemba. Huko Uvinza, baina ya Tabora na Ujiji, John Sutton na Andrew Roberts walichimba katika chemchemi za chumvi mwaka 1967. Walibainisha kwamba chumvi imekuwa ikichemshwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza wa pwani. Mambo haya yamepatikana kwa kuchimba mahali pachache tu. Ni dalili ya yaliyobakia.

UTARATIBU UNAOFAA

Utaratibu ufuatao unaweza kutekelezwa na halmashauri yoyote, Bara au Visiwani, bila ya gharama kubwa.

Kwanza, kabla ya kazi. Afisa ardhi na afisa utamaduni waweke ramani ya mitaa yenye dalili za ukale: vijituta vya matembe, miembe mikongwe iliyopandwa kwa safu, makaburi yasiyo na wenyewe, na mahali ambapo wazee wanapataja kwa majina ya zamani. Anayeomba kibali cha ujenzi katika mitaa hiyo aelezwe siku hiyo hiyo kwamba kazi yake itatembelewa.

Pili, siku ya kuchimba. Mwangalizi awepo pale mita ya kwanza inapochimbwa, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo yenye mengi. Ikiwa hapana mtaalamu, mtendaji wa kata au mwalimu wa historia aliyepewa mafunzo mafupi anatosha kwa kuanzia. Udongo umwagwe mahali pamoja, usitawanywe, ili uweze kupitishwa katika chekeche.

Tatu, kinapoonekana kitu. Kazi isimame sehemu hiyo tu, na iendelee kwengine. Kitu kisivutwe. Kipigwe picha kikiwa mahali pake, pamoja na rula au fimbo yenye vipimo. Kina kipimwe kutoka usawa wa ardhi, na umbali upimwe kutoka pembe mbili za kiwanja. Ndipo kitolewe, kiwekwe katika mfuko wake peke yake, na juu ya mfuko iandikwe tarehe, mtaa, kina na jina la tabaka. Vitu vya matabaka mawili visitiwe katika mfuko mmoja.

Nne, mifupa ya binaadamu. Hapa kazi isimame yote. Mifupa ifunikwe kwa heshima na watu wazuiwe kukusanyika. Taarifa itolewe kwa uongozi wa mtaa au sheha na kwa polisi, kisha kwa idara ya mambo ya kale. Kama ni kaburi, viongozi wa dini na wazee wa mahali washauriwe kabla ya lolote kufanyika. Aliyezikwa kando ya njia, mbali na kwao, ana haki ya stara kama alivyo mwengine yeyote.

Tano, taarifa. Ukurasa mmoja unatosha: mahali, vipimo vya shimo, matabaka kutoka juu hadi chini, vilivyoonekana na vilipopelekwa. Shimo ambalo halikutoa kitu nalo liandikwe, kwa sababu kujua pasipokuwa na mji ni nusu ya kujua ulipokuwa.

KHOFU ZA WANANCHI

Ni wajibu kukiri kwamba wananchi wengi wanaokuta vitu vya kale hunyamaza, na wanazo sababu. Mwenye kiwanja anakhofu kwamba ardhi yake itachukuliwa. Fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa siku, anajua kwamba kila saa ya kusimama ni ujira wake unaopotea. Mvua zinakaribia na msingi haujafungwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba urithi ni wa taifa, kisha kumwachia yeye gharama zote, si haki, na haitasaidia kitu.

Kwa hivyo uangalizi wa ujenzi mdogo hauna budi kuwa na ahadi mbili zilizoandikwa. Ya kwanza ni muda: halmashauri itamke kwamba kusimama kwa kazi hakutazidi siku kadhaa zinazojulikana, na kwamba zikipita bila ya mtu kutokea, mjenzi ataendelea baada ya kupiga picha na kupima. Ya pili ni gharama: mwenye nyumba ndogo asilipishwe, na fundi aliyesimamishwa alipwe siku yake. Pasipo na ahadi hizo, vitu vitaendelea kurudishwa shimoni usiku.

Khofu ya tatu ni tamaa. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, kabla ya mji kutekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba mwaka huo. Khabari za mali ya Mjerumani iliyofukiwa zimewafanya watu katika sehemu nyingi za Bara kuchimba usiku kwenye maboma, makaburi na mizizi ya miti mikubwa. Wachimbaji hao huvunja sheria, na kwa kawaida huondoka mikono mitupu, wakiacha nyuma matabaka yaliyochanganyika ambayo hayatasomeka tena. Wananchi waelezwe waziwazi kwamba vigae na shanga za misafara hazina bei, na kwamba anayeonekana akipima shimo hakuja kutafuta dhahabu.

MIFANO YA NCHI NYENGINE

Mwaka 1996, katika mji wa Rio de Janeiro nchini Brazil, watu wa nyumba moja walikuwa wakiifanyia ukarabati nyumba yao. Mafundi walipochimba walikuta mifupa ya binaadamu. Ikabainika kwamba nyumba ilisimama juu ya makaburi ya Waafrika waliokufa mara baada ya kushushwa kutoka katika meli za watumwa, makaburi ambayo mji ulikuwa umeshayasahau. Wenye nyumba hawakuifukia mifupa hiyo wakanyamaza. Walitoa taarifa, na mwaka 2005 nyumba yao ikawa taasisi ya utafiti na kumbukumbu. Jambo hilo lilianza kwa ukarabati wa nyumba ya kawaida, sawa na unaofanywa kila siku Ng'ambo ya Unguja na Ng'ambo ya Tabora.

Mjini New York, mwaka 1991, ujenzi wa jengo la serikali ulifunua makaburi ya Waafrika wa karne ya kumi na nane, na mabaki ya watu zaidi ya 400 yakatolewa. Hapo mwanzo kazi iliendelea kwa haraka, na ni malalamiko ya wananchi yaliyoisimamisha. Mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2006. Funzo kwa watumishi wa serikali ni kwamba jengo la serikali halisameheki kwa kuwa ni la serikali. Ofisi ya umma inayochimba msingi wake bila ya mwangalizi haina uso wa kumlaumu mwananchi aliyechimba choo.

WAJIBU WA HAPA ZANZIBAR

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ujenzi ndani yake husimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Wakaazi wake wamezoea kwamba kubadilisha dirisha au kuongeza ghorofa kunahitaji kibali. Lakini mara nyingi jicho la mkaguzi na la mwenye nyumba huwa juu ya kuta, si chini ya sakafu. Ikumbukwe kwamba Ngome Kongwe yenyewe imejengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ushahidi wake umo ukutani na ardhini. Nje ya Mji Mkongwe, Unguja Ukuu, Kizimkazi, Mkama Ndume na Ras Mkumbuu ni mahali panapojulikana kwa majina, na pembezoni mwake watu wanalima, wanachimba visima na wanajenga.

Tabora na Zanzibar zinategemeana katika jambo hili. Ushanga ulioshushwa forodhani Unguja ulikwenda kuvaliwa Unyanyembe. Pembe iliyopimwa Unyanyembe ilikuja kuuzwa Unguja. Mtafiti wa Tabora atahitaji mkusanyo wa vigae vya Unguja wa kulinganisha navyo, na mtafiti wa Unguja atahitaji wa Tabora. Kila upande unaoacha mashimo yake bila ya kuyaandika unaupunguzia ushahidi upande wa pili.

Kwa hivyo masheha wanaombwa kuwapa taarifa maafisa wa mambo ya kale wa wilaya zao wanapopokea maombi ya kuchimba misingi, vyoo na visima karibu na mahali pa kale. Maafisa wa ujenzi na wa maji wanakumbushwa kwamba mtaro wa bomba wenye urefu wa mita mia moja ni dirisha refu kuliko lolote ambalo mtaalamu anaweza kuomba. Wamjulishe kabla ya kuufukia. Walimu wakuu wa skuli wanaombwa kuyaandika yanayoonekana katika viwanja vya skuli zao pale madarasa mapya yanapojengwa. Mafundi waashi na wachimbaji, ambao ndio wanaoiona ardhi kabla ya mtu mwengine yeyote, wanaombwa wasimame, wapime na waite.

Mwananchi atakayekuta kitu na hajui la kufanya, na ashike matatu: asikitoe kabla ya kukipiga picha, asikiuze, na amwambie sheha wake siku hiyo hiyo. Shimo litafukiwa, choo kitajengwa, na nyumba itahamiwa kama ilivyokusudiwa. Kitakachobakia katika daftari ni ukurasa mmoja wa kile kilichokuwepo hapo kabla yake.